Waliofungwa Karantini

Watu walimwita binti huyu Redio kwa sababu ukishamwasha hazimiki. Manispaa ya kisiwa ilikuwa imemwajiri kutembeza wageni: gereza la zamani, mnara wa taa, makaburi ya mabaharia. Alijua pa kutia chumvi ili wacheke, na alijua pa kunyamaza ili wapige picha.

Mwaka ule manispaa ilikarabati jengo la karantini, lililo mlimani juu ya bandari. Zamani abiria wa meli zenye ugonjwa walifungiwa humo mpaka daktari aseme wako salama. Kundi la mwisho halikuambiwa hivyo kamwe, maana daktari mwenyewe aliugua akafa, na mjini hakuna aliyethubutu kwenda kufungua lango. Sasa kuta zilikuwa zimepakwa chokaa, na nje kukawekwa kibanda cha tiketi.

Siku ya ufunguzi, jua la mchana likiwa linachoma, Redio aliingiza wageni wake wa kwanza. Ndani baridi ilipanda kutoka sakafuni kama vile mtu amemwaga maji. Walipofika chumba cha wanawake alitanua mikono.

"Hapa ndipo walipolala, chini, wamebanana kama dagaa."

"Siyo hapa," sauti ikasema. "Hapa tulifulia. Tulilala kule mwisho."

Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, kajifunga kitambaa kichwani, kaegemea ukuta nyuma ya wageni. Redio alicheka, wageni wakacheka. Moyoni alikuwa ameshamjua: mwigizaji. Akawaacha wapige picha, akatoka mpaka langoni kwa ofisa utalii wa manispaa.

"Bosi, hili la kuleta mwigizaji ungeniambia mapema."

"Mwigizaji gani? Hela ya chokaa tu niliipata kwa mbinde."

Redio akarudi ndani. Wageni walioegemea kuta walikuwa na chokaa mabegani. Yule mwanamke hakuwa na hata doa. Mgeni mmoja alikuwa amempa chupa ya maji, naye ameishika kwa mikono miwili, hajui inavyofunguliwa.

"Dada," mwanamke akamwambia Redio kwa upole, "daktari amefika? Alisema akija tutatoka."

Redio alimjibu harakaharaka, kama unavyomtuliza mgonjwa.

"Amefika. Amesema mtoke. Nyote."

Mwanamke alifumba macho kidogo. Kisha akageukia upande wa chumba usiokuwa na mtu.

"Jamani, amkeni. Tumeruhusiwa."

Mikeka ikasikika inakunjwa. Mtoto akakohoa. Halafu nyayo, nyingi, za watu wanaotembea polepole kwa kukaa sana, zikapita katikati ya chumba kuelekea nje. Wageni walijibana ukutani kuzipisha bila kuambiwa. Mzee mmoja alisukumwa begani, akajibu, "Samahani," na mbele yake hapakuwa na mtu. Kule langoni ofisa utalii alifungua milango yote miwili, na mpaka leo hawezi kusema kwa nini.

Redio aliteremka mjini alasiri, na huko waliotoka bila kuonekana sasa walionekana. Fundi viatu alimsimamisha: kuna mtu amepita akiulizia nyumba iliyobomolewa kabla fundi hajazaliwa. Mama wa duka la vitambaa alikuwa amekaa kizingitini, kamshika mkono mtoto asiyemjua, hajui amwite nani.

Redio alimkuta yule mwanamke gatini, anatazama maji.

"Meli yetu iko wapi?"

"Ilichomwa moto, shangazi. Zamani sana."

"Sasa mmetutoa twende wapi?"

Hilo Redio hakuwa amelifikiria. Alisema tokeni kwa sababu aliogopa, akaona yaishe. Alisimama pale aibu imemjaa mpaka masikioni, kisha akamshika mkono. Ulikuwa baridi na mwepesi. Akaenda naye nyumbani.

Mama yake alikuwa anafagia uani.

"Huyu nani?"

"Mgeni, mama. Amekaa sana karantini."

Mama alimtazama yule mwanamke juu mpaka chini. Rangi ilimtoka usoni, lakini alijikaza, akauegemeza ufagio ukutani.

"Basi mpishe apite. Unamsimamisha mlangoni kwa nini?"

Mpaka sasa yuko chumba cha uani. Hula kidogo, hazeeki, na kuchambua mchele hakuna wa kumshinda. Ofisa utalii alichukua wazee wawili, mume na mke. Mtoto alibaki kwa mama wa duka. Nyumba nyingi mjini zina mtu wa namna hiyo, na wageni wakiuliza huambiwa ni ndugu wa bara. Karantini yenyewe sasa ni nyumba tu. Watalii huingia na kutoka mara moja, wanalalamikia joto.

Shida ni meli za watalii zinapopiga honi. Hapo wote hutoka nje, kila mlango, na vifurushi vyao kwapani, nyuso zimeelekea bandarini. Mama yake Redio humfuata mgeni wake, akamshika kiwiko.

"Siyo yenu hiyo, dada. Rudi ndani, chai inapoa."

Naye hurudi, lakini kifurushi hakiweki chini mpaka meli imeondoka.