Kifua cha Bosi Mayala
Jumanne saa mbili asubuhi, nje kidogo ya Kharumwa, Mayala alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya duara lake, shimo la kuchimbia dhahabu, akimalizia bakuli la pili la supu ya kongoro. Chini yake, mita sitini, wanaume wanane walikuwa wanagonga mwamba.

Aliponyanyuka kwenda kujisaidia, kifua kilimbana na mkono wa kushoto ukafa ganzi. Aliagiza soda baridi, maana kwa imani yake hakuna maradhi duniani isipokuwa gesi. Akacheua mara tatu. Alipofungua vifungo vya shati apate upepo, ngozi ya kifuani ilikuwa imegeuka kioo. Mbavu zilikuwa zimejisogeza pembeni kwa adabu, na moyo ulionekana wote.

“Baba Vumilia, funga shati, watu wanakula,” alisema mkewe Paskalina, aliyekuwa anasugua masufuria.

Hakufunga. Kufikia saa nne foleni ya watazamaji ilikuwa imefika barabarani, na Eunice muuza mihogo alikuwa ameshahamishia karai lake pale. Wachimbaji nao walipanda kuja kuangalia, wakiongozwa na Ngusa, mtu mwembamba ambaye ndiye hutangulia kushuka.

Klara, tabibu wa zahanati, alikuja kwa bodaboda. Kwa miezi miwili alikuwa akimpa Mayala dawa za vidonda vya tumbo, kwa kuwa ndizo zilizokuwepo. Sasa alichuchumaa, akaonyesha kwa kalamu vijishipa vilivyoukumbatia moyo kwa nje. Kimoja kilikuwa kimejaa mafuta ya njano karibu kuziba.

“Damu yote inapita ndani ya moyo, lakini moyo hauli hiyo,” alieleza. “Chakula chake kinaletwa na hivi vya nje. Vikiziba, ukitembea tu unabanwa. Vikifunga kabisa, nyama ya moyo inakufa.”

“Kama sisi na dhahabu,” Ngusa akasema. “Inapita mikononi tu.”

Watu wakacheka. Mayala naye akacheka, na wote wakaona upande mmoja wa moyo ukipauka. Kicheko kikakatika.

“Hamna gesi hapo, bosi. Hewa haishuki,” Ngusa akasema. “Sisi mpira wa kutuletea hewa shimoni ukiziba tunagonga bomba mara tatu. Wewe unajibu tumalizie kwanza.”

“Leo msimalizie,” alisema Mayala kwa sauti ndogo. “Nitoeni.” Aliogopa kufa, aliogopa sana, na kwa hali aliyokuwa nayo hakuweza kumficha mtu.

Klara akamtafunisha aspirini. Wachimbaji wakambeba juu ya ubao, kama wanavyombeba mwenzao, hadi kwenye gari la Mwanza, na kutoka Mwanza akapanda ndege. Dar es Salaam daktari alipitisha mpira mwembamba kwenye kifundo cha mkono hadi moyoni, akaacha humo springi ndogo ya kuushikilia mshipa usizibe tena. Alikishukuru kile kioo, kilimpunguzia kazi. Aliomba tu watu wasikishike kwa vidole.

Mayala alirudi baada ya wiki tatu. Kongoro ameacha, vidonge anameza, na kila jioni anatembea hadi mnadani. Kioo hakikuondoka. Paskalina hukifuta kwa gazeti lililoloweshwa maji, na mtu mwenye shida hutazama kwanza moyo wa bosi unaendaje ndipo aombe.

Siku ya kwanza kazini Ngusa alimsogelea, wenzake wakiwa nyuma yake.

“Mwangaluka, bosi. Pole na kuumwa.”

“Nimeshapoa.”

“Tunaomba mpira mpya wa hewa. Masudi alizimia juzi, tulimtoa kwa kamba.”

“Wekeni kiraka,” Mayala akasema. “Mnaona wenyewe nimetoka hospitali.”

Wanaume wanane walikisogelea kifua chake, wakaangalia kwa makini. Mshipa ulikuwa wazi, damu inapita vizuri, moyo mwekundu na wenye afya. Walisubiri kidogo. Mapigo hayakubadilika hata kidogo. Wakafunga tochi vichwani, Masudi akiwa wa mwisho, wakashuka.