Tulivyomnyonga Jecinta

Kila Jumamosi saa nane mchana, hapa Marina, huku ughaibuni, tulikuwa tukimnyonga Jecinta, kisha tunagawa keki. Wageni walikuwa wamelipia vyote viwili. Mkahawa wetu una chakula cha kula mpaka ulegeze mkanda, na ili kula kusionekane kula tu, sir Nabil, meneja wetu, alinunua mchezo kwa kampuni fulani: kesi ya mauaji, Uingereza, mwaka 1849. Mjakazi ameshtakiwa kumtilia tajiri wake sumu ya panya kwenye pudini. Wageni ndio wanaopiga kura. Tangu tuanze hawajamwachilia hata mara moja. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wageni wetu waliishia kusikia nusu ya kwanza.

Mjakazi, kama kawaida, alikuwa mmoja wetu: Jecinta. Mwigizaji wa Kizungu alitaka malipo ya mwigizaji, na Wakenya tulikuwa tumeshaajiriwa kubeba sahani. Mnyongaji alikuwa Clifford, mlinzi wa mlangoni, ambaye kipaji chake chote ni urefu. Mimi, Damaris, nilikuwa askari jela. Kazi yangu ilikuwa kumvisha Jecinta ile nguo ya kubana kiuno, kukaza kamba za mgongoni, na kumfunga mkanda wa tumboni ambao Clifford aliuunganisha na kamba ya darini, ili mshtakiwa ainuliwe na kuning'inia bila kufa kweli.

Jecinta ni mke wa Harrison, anayelinda maghala kule Al Qusais. Mume na mke, mji mmoja, kila mtu na kitanda chake cha kampuni. Siku za ofu rafiki yao mmoja aliwaachia chumba mtaa wa International City, na huko ndiko mimba ilikopatikana, mimba halali ya ndoa ya kanisani. Lakini alikuwa bado kwenye miezi sita ya majaribio, na sisi sote tulikumbuka yaliyompata Trinah, Mganda, aliyeanza kutapika Jumatatu na kufikia Alhamisi amepewa barua inayosema hatabasamu vya kutosha. Jecinta alihitaji wiki nane tu. Akithibitishwa kazini, angesema wazi, na bima ya kazi ingemzalisha. Asipothibitishwa, anapoteza kazi, viza na bima, na ndege ya kwenda Nairobi haiulizi una miezi mingapi.

Wazo la kuigiza lilikuwa langu. "Mshtakiwa anakaa, siz," nilimwambia. "Lisaa limoja na nusu kwa kiti, na sisi tukikimbia na trei. Na nguo yenyewe inaficha. Nitakufunga vizuri, hakuna mtu atajua."

Alikuwa na sentensi moja tu ya kusema: "Sina hatia, bwana jaji." Baada ya hapo alinyamaza, kwa sababu enzi hizo sheria yao haikumruhusu mshtakiwa kula kiapo na kujitolea ushahidi. Wengine walisema juu yake, yeye akasikiliza. Sir Nabil aliipenda sana sehemu hiyo. Aliiita elimu.

Elimu nyingine ilikuwa jopo la wamama. Mwanamke aliyehukumiwa kifo akidai ana mimba, jaji aliita wanawake kumi na wawili waingie naye chumbani, wampapase. Wakikuta mtoto anacheza tumboni, kitanzi kinasubiri mpaka azaliwe. Kwetu ilikuwa ni kichekesho cha kabla ya keki. Wageni kumi na wawili, glasi mkononi, walipita mmoja mmoja wakimgusa mjakazi tumboni kwa vidole vyenye mafuta, wakapiga kelele, "Hakuna kitu!" Jumamosi tano zilipita hivyo. Mikono sitini ilimgusa na hakuna hata mmoja uliotaka kujua.

Jumamosi ya sita alikuja mama mmoja aitwaye Ashwaq, pamoja na binti zake. Alicheka kama wengine hadi alipoweka mkono. Hapo kicheko kikamkatika. Akaweka na wa pili, akabonyeza kidogo, chini ya kitovu, kisha akaugusa ule mkanda.

"Nani amemfunga hivi?" aliniuliza kwa Kiingereza.

"Mimi, madam."

"Mfungue. Mimi ni daktari wa uzazi. Huyu ana miezi mitano, na nyinyi mnataka kumning'iniza kwa tumbo?"

Jecinta alimtikisia kichwa polepole, akimsihi kwa macho anyamaze. Lakini sir Nabil alikuwa amefika na maikrofoni, meno yote nje, akiuliza jopo linasemaje. Mama Ashwaq hakuwa na maneno mengi. Alisema kuna mtoto, na mwanamke huyu hainuliwi na mtu yeyote. Alikuwa na haki kabisa, na mimi niliyekuwa nimeukaza mkanda ule Jumamosi tano nilitamani sakafu inimeze.

Nusu ya wageni walipiga makofi wakidhani ni sehemu ya mchezo. Nusu nyingine walinung'unika. Bwana mmoja wa meza ya nne alisema kwa sauti kwamba amelipia kunyongwa, na kunyongwa anataka. Clifford alivua kofia yake ya kuficha uso, akamletea Jecinta maji. Sir Nabil alimtazama Jecinta tumboni, akatabasamu, akanigeukia mimi.

"Yalla, twende, Damaris. Askari jela alikuwa mshirika wake. Vaa mkanda."

Nikavaa. Waliniinua, nikarusha miguu kama nilivyomwona Jecinta akirusha, wakashangilia, keki ikagawanywa.

Jumatatu barua ikatoka. Haikutaja mimba, sir Nabil si mjinga. Ilisema Jecinta ameharibu onyesho mbele ya wageni. Kule Uingereza ya kunyonga wajakazi, jaji alisubiri mtoto azaliwe kwanza. Sir Nabil alitoa siku kumi na nne za kuondoka.

Jecinta hakulia. Alisema atashtaki kwenye ofisi ya kazi. "Nitawaambia ni juu ya mimba," aliniambia tukikunja sare chumbani. "Nahitaji mtu aseme alimsikia yule daktari, na barua ikaja siku mbili baadaye. Nimeandika jina lako, Damaris. Usiogope, ni kusema ukweli tu."

"Sawa, siz," nilimjibu. "Niko nyuma yako."

Simu ya ofisi ya kazi ilikuja Jumatano tukipanga meza za mchana. Sir Nabil alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, anahesabu uma. Bwana wa upande wa pili alikuwa na adabu sana. Aliniuliza kama namfahamu mfanyakazi aitwaye Jecinta, na kama kuna jambo lolote nililoliona.

Nikamjibu kwamba namfahamu kwa sura tu.