Glasi ya Maji kwa Mshona Mito

Kwa miaka sita mkunga alimiliki nyumba ambayo hakuwahi kulala ndani yake hata usiku mmoja. Na kulala kwenyewe, popote pale, kwake kulikuwa kwa kuibia: saa moja kwenye benchi la zahanati, nusu saa mchana huku jirani akipiga misumari, dakika kumi amesimama kwenye foleni ya mkate. Zamu za usiku zilikuwa zimemtafuna kwa miaka kumi na minane. Angeweza kuhamia kliniki ya mchana, akapima wajawazito na kurudi nyumbani jua likiwa bado lina nguvu, ila huko hakukuwa na posho ya usiku. Fomu ya uhamisho ilikuwa ndani ya mkoba wake tangu Jumatatu. Muuguzi mkuu alikuwa akizipokea mpaka Ijumaa. Ukichelewa, subiri mwaka mwingine.

Alhamisi mchana akapanda ngazi za ofisi ya msimamizi wa nyumba yake, akamwambia apandishe kodi kwa theluthi moja. Pengo la posho lingezibika hapo hapo.

Msimamizi alikuwa mwanamume mwembamba, mpole, ambaye wateja wake walimwita Bwana Glasi. Alimsikiliza mpaka mwisho. Akakubali kwamba mtaa mzima ulikwishapanda na nyumba ile peke yake ndiyo iliyosahaulika chini. Kisha badala ya kuchukua kalamu, akachukua kofia.

"Twende ukanywe maji, dada."

Kipengele cha maji kilikuwa kwenye mkataba wao, na siku ya kutia sahihi mkunga alikicheka. Mwenye nyumba hapandishi kodi kabla hajaketi kwenye kiti cha mpangaji wake na kunywa glasi moja ya maji mpaka iishe. Msimamizi hubaki nje. Glasi ikiisha na nia ikiwa ile ile, barua inaandikwa siku hiyo hiyo bila ubishi.

"Wengine hunywa kama wanaokimbia moto," msimamizi alimsimulia njiani. "Wengine wanalamba kama paka. Mimi sihoji mtu. Mimi naangalia glasi tu."

Mkunga akaapa moyoni kwamba atakunywa kwa mkupuo mmoja.

Alikuwa ameinunua nyumba ile mpangaji akiwa tayari ndani, na alichokijua juu yake ni kwamba ni mama mtu mzima, anashona mito, na hachelewi kulipa. Hakuna aliyemwambia kuhusu sufi. Mlango ulipofunguka, chumba kizima kilikuwa kinaelea. Nyuzi nyeupe, nyepesi kuliko pumzi, zilipanda kwenye mwanga wa dirisha, zikasita, zikashuka polepole kama zisizokumbuka zilikuwa zikielekea wapi. Magunia yalijipanga ukutani yakiwa yamevimba matumbo, na mkunga, kwa mazoea ya kazi, akayakadiria miezi. Sauti za mtaani zilifika mle zikiwa zimevishwa soksi.

Mshona mito alimkaribisha bila maneno mengi. Alijua sababu ya ugeni huo. Bwana Glasi mlangoni haleti posa. Akamwonyesha kiti chake, chenye mto ulioshika umbo la miaka, akamwekea glasi mkononi, akarudi kwenye sindano.

Mkunga akaketi. Mto ukampokea kama uliokuwa ukimngoja. Akainua glasi, akatazama unyuzi mmoja wa sufi ukitua juu ya maji bila kuyatikisa, akafikiri, ngoja kwanza huu utulie.

Akaota nyumba za mtaa ule zikiachia misingi yao moja baada ya nyingine, zikipanda angani bila kelele, na kila mlango ulikuwa na mtoto mchanga anayepiga miayo. Yeye alikuwa chini na kamba mkononi, akizivuta zisipotee. Halafu mtu akamwambia, kwa upole, kwamba anaweza kuachia. Akaachia, na hakuna kilichoanguka.

Alipofumbua macho, mwanga ulikuwa umehamia ukuta wa pili. Glasi ilikuwa mezani, imejaa vile vile. Mlango ulikuwa umerudishiwa, na kibao cha kuonyesha duka limefungwa kilikuwa kimegeuzwa.

"Umelala saa mbili na ushei," mshona mito alisema bila kuinua kichwa. "Wateja watatu nimewarudisha kwa ishara. Na wewe, usingizini, umenizalisha mara mbili nikiwa nimekaa hapa na sindano yangu. Sukuma mama, usikaze shingo. Nikalegeza shingo, kweli ikasaidia."

Mkunga akaona aibu, akaomba radhi. Mama yule akakata uzi kwa meno.

"Miaka yote hii, mwanangu, nilidhani mwenye nyumba yangu ni mtu anayelala."

Hapo mkunga akasema yote: zamu, fomu, kesho Ijumaa, theluthi moja. Mshona mito alisikiliza huku akipapasa gunia, kisha akamwomba aingize mkono mle, mpaka chini. Juu sufi ilikuwa kavu na ya kuteleza. Chini ilikuwa imeshikana madonge, baridi, yenye harufu ya kuoza. Paa lilivuja kona ile. Kila mvua mama huyo aliyahamisha magunia peke yake, na kila mvua alitupa mawili matatu. Aliwahi kumtajia msimamizi. Msimamizi alikiri baadaye kwamba aliliandika jambo hilo, na karatasi ikazama chini ya nyingine.

"Pandisha," alisema mama. "Theluthi nitaiweza. Ila kodi ikipanda, mvua isiwe inashuka humu ndani."

Mkunga akatazama juu, kwenye doa la kahawia lililoenea kama ramani ya nchi isiyo na watu. Mabati, mbao, fundi. Nyongeza ya theluthi kwa mwaka mzima ingemezwa na kona ile moja. Mwaka mwingine wa benchi la zahanati. Akachukua glasi, akanywa polepole, unyuzi wa sufi ukamnasa mdomoni, na hakuufuta.

Akafungua mlango. Msimamizi alikuwa kizingitini, kofia magotini, akisinzia kwa adabu.

"Andika," mkunga alimwambia. "Theluthi. Ianze mwezi ambao mvua itanyesha na chumba kibaki kikavu. Fundi wa paa aje wiki hii."

Msimamizi aliiangalia glasi tupu, akatikisa kichwa kukubali.

Mshona mito alikuwa akimalizia mto mmoja, mdomo wa mto ukiwa bado wazi. Mkunga akatoa fomu mkobani, akaikunja mara nne, akaizamisha katikati ya sufi. Mama akashona mishono midogo midogo, ya kufumuka kwa urahisi, akaupiga piga mto na kumkabidhi.

"Nimekuazima. Mwaka ukiisha uulete, tuufumue."

Mkunga akatembea nao kifuani mtaa mzima, na watu walimpisha kama anayebeba mtoto. Asubuhi nyingi zilizofuata, akitoka zamu, aliufunga mlango na kujilaza juu ya mto ule. Usingizi sasa ulikuja wenyewe, na kila alipogeuka, karatasi ilichakarika chini ya sikio lake.