Mche Chini ya Dirisha

Lemai alichuchumaa chini ya dirisha la chumba chao, akiuchunguza mche ambao hakuupanda yeye.

"Mfenesi tu huo," alisema mumewe, Jugah, bila hata kuinama.

Majani yalikuwa kama ya mfenesi kweli, ila Lemai hakuridhika. Akalipapasa tumba la jani kileleni. La mfenesi huwa laini; hili lilikuwa na manyoya ya kahawia yaliyokwaruza vidole.

"Huu mchempedaki, Baba Sigat."

Jugah akageuka kutazama kuku. Mwaka wa pili huu daktari amemkataza chempedaki, tunda tamu linalofanana na fenesi, kwa sababu ya sukari, naye huapa kwamba hata harufu yake ameisahau.

"Labda popo kadondosha kokwa."

"Popo huyo," Lemai akauliza, "ndiye anayekoroma upande wa dirishani?"