Uzito wa Kishkwambi

Asubuhi moja muuguzi Severina alifungua zahanati ya kijiji, kando ya njia ya Sepuka, akakuta kishkwambi kimevunja meza. Akakiacha sakafuni, akafagia vipande vya mbao.

Kishkwambi kile kilikuwa na akili mnemba. Kilisoma vipimo vya mjamzito, kikaamua aitiwe gari la wagonjwa au arudi nyumbani. Tangu kilipomrudisha nyumbani mjamzito mmoja, Jesca, mtoto wake akafia tumboni, kilikuwa kikiongezeka uzito. Wanaume walijaribu kukiinua, wakashindwa, wakaenda zao kupalilia alizeti.

Siku hiyo akaja Nathanaeli, kijana wa kampuni iliyokitengeneza. Kanuni mpya zilitaka kila mfumo kama huo upangwe kwa kiwango cha hatari yake. Ule wenye hatari kubwa usimamiwe na mtu mwenye mamlaka ya kuupinga. Kampuni ilitaka wa kwao uandikwe hatari ndogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kiko hapo chini."

Nathanaeli alikivuta kwa mikono miwili. Hakikusogea.

"Kimeanza lini?"

"Tangu mtoto wa Jesca."

Akaitikia kwa kichwa, akakaa kwenye benchi.

Mara akaingia Rukaiya, mimba yake kubwa, miguu imevimba, macho yanaona ukungu. Severina akampima presha, akapiga magoti kuingiza namba. Kishkwambi kikajibu: arudi nyumbani. Sakafu ikapasuka.

"Mwenye presha hii mimi simrudishi," Severina alisema. "Ila gari haliji bila ruhusa ya hiki."

Nathanaeli alimtazama Rukaiya aliyejishika kichwa. Akatoa simu, akampigia dereva.

"Ni mimi wa kampuni. Njoo sasa hivi. Kuanzia leo ruhusa anatoa muuguzi."

Rukaiya alijifungua salama mjini Singida, mtoto wa kike.

Nathanaeli aliandika hatari kubwa. Makao makuu wakafuta, wakaandika ndogo, na ndivyo ilivyo mpaka leo. Lakini agizo lake kwa dereva hakuna aliyekumbuka kulitengua. Severina akiita, gari linakuja. Kishkwambi kimezama mpaka kioo kimelingana na saruji, nao wajawazito hukiruka wakiingia.

"Kimesemaje?" huuliza mjamzito mgeni.

"Sijakiuliza," Severina hujibu, akimvutia kiti. "Kaa, mama. Niambie wewe unavyojisikia."