Nyumba Iko na Bima

Moto ulishika saa tisa alasiri, Jumanne moja ya Agosti mwaka wa 1977. Ndila alikuwa chumbani akifuma. Mashine yake ya kufumia sweta ilijaa meza nzima, na chini ya kitanda kulikuwa na magunia mawili ya sweta za kijani za shule ya wasichana, zilizobaki kuunganishwa mikono tu. Alisikia mlio kama wa mafuta yanayokaanga. Alipoinua macho, aliona waya wa stima uliopita juu ya ukuta wa mbao ukitoa cheche. Kabla hajasimama, dari ya makaratasi ilikuwa imeshika. Alikimbia nje na sufuria tupu mkononi. Hata baadaye hakujua kwa nini alichukua sufuria akaacha uzi.

Vyumba vilikuwa sita, vyote vya mbao na mabati, nyuma ya soko la Nyeri, mali ya Mzee Muriithi. Waya ule aliuvuta mwenyewe kutoka dukani kwake upande wa mbele, akaupitisha chumba hadi chumba. Wapangaji walimlalamikia mara mbili kwamba unapata moto. Akawajibu ati ni waya mpya.

Kufikia saa kumi na moja hakukubaki ukuta mzima. Wapangaji walisimama katika baridi, wengine wakilia. Mzee Muriithi peke yake ndiye aliyekuwa ametulia.

"Msilie," alisema. "Hii nyumba iko na bima."

Ndila aliyashika maneno hayo kwa mikono miwili. Hakuwa na kingine cha kushika. Mumewe, Kioko, alikuwa askari polisi Wajir, na barua ilichukua wiki tatu kumfikia. Binti yao, Mutheu, alikuwa kwa nyanya yake, Ukambani. Mashine ile Ndila aliinunua kwa akiba ya miaka minne.

Alhamisi alikuja mkaguzi wa kampuni ya bima, kijana mpole aitwaye Gicheru, akiwa na kalamu na ubao wa kuandikia. Alipita majivuni akihesabu: milango sita, madirisha sita, mabati. Alipofika kwenye mashine ya Ndila, chuma kilichojikunja kama kucha, aliiruka.

"Umeiacha hiyo," Ndila alimwambia.

"Hiyo si ya nyumba, mama."

"Lakini ilikuwa ndani ya nyumba. Na mzee alisema iko na bima."

Gicheru alishusha ubao wake. "Iko, lakini ni yake. Inalipa kuta, paa na milango. Kitanda chako, nguo zako, mashine yako, hizo ni zako. Ungezikatia bima yako mwenyewe."

"Hata mtu wa kupanga anaweza?"

"Anaweza. Tena si vitu peke yake. Tuseme moto ulitoka kwa chumba cha mpangaji fulani, na ikaonekana ni uzembe wake. Kampuni itamlipa mwenye nyumba, halafu imgeukie huyo mpangaji azirudishe pesa hizo. Kama ana bima ya namna hiyo, bima ndiyo inasimama mbele yake. Kama hana, anasimama peke yake."

Alimwambia angerudi Jumatatu kuandika maneno ya walioona moto ulivyoanza.

Wapangaji walikuwa wamepewa ukumbi wa kanisa walale. Mkeka wa Ndila uligusana na wa Warigia, mjane wa miaka sabini aliyeuza uji sokoni, ambaye kila mtu alimwita Cucu, yaani nyanya. Kabla ya moto Warigia alikaa chumba kilichopakana na cha Ndila, akipika kwa jiko la makaa.

Jumamosi Mzee Muriithi alimwita Ndila pembeni ya kanisa.

"Mama Mutheu, wewe ndiye ulikuwa ndani. Kampuni ikisikia habari ya ile waya, hawatanilipa hata bati moja. Na Cucu alikuwa na jiko. Sema uliona moto ikitoka kwake."

"Sikuiona ikitoka kwake, mzee."

"Nikijenga, chumba ya kwanza ni yako, na mashine nitakununulia mpya. Ukikataa, hakuna mwenye nyumba Nyeri hii atakupatia mahali. Sisi tunajuana."

Ndila alirudi ukumbini. Shule ilikuwa imetuma mtu kuuliza sweta. Angewaambia nini? Akisema ukweli, vyumba havitajengwa, naye hatapata mashine wala mahali pa kuiweka. Akidanganya, kampuni itamgeukia Warigia na kumnyang'anya kishamba chake cha Mukurweini, chenye migomba na mibuni michache. Na kwao Kitui hangerudi mikono mitupu kabla hata hajamwandikia Kioko. Kila mlango aliousukuma ulikuwa umefungwa kwa nje. Kando yake, Warigia alimkatia nusu ya kiazi kitamu chake bila kuulizwa, akaendelea kula. Ndila alikishika hadi kikapoa.

Jumatatu walikaa katika ofisi ya kasisi. Mzee Muriithi alikuwa mlangoni, kofia mkononi.

"Moto ulianzia wapi?" Gicheru aliuliza.

Ndila alimtazama mzee, kisha kalamu ya Gicheru.

"Kwa waya," alisema. "Juu ya kitanda changu. Siku hiyo jiko la Cucu lilikuwa nje, limezimwa."

Muriithi alivaa kofia yake akaondoka.

Ndila alidhani Warigia angemshukuru. Lakini bibi kizee alipopata habari ya alichoombwa Ndila na alichosema, alimjia amekasirika.

"Ungesema ni mimi! Mimi ni mzee, wangenifanya nini? Sasa hatuna vyumba vya kurudi sisi wote."

"Wangechukua shamba, Cucu."

"Shamba ni yangu. Hukuniuliza."

Kesho yake Warigia alifunga masufuria yake, akarudi Mukurweini. Hawakuonana tena.

Kampuni ilikataa kulipa, na kiwanja kikaota magugu. Kuhusu wenye nyumba, Muriithi hakuwa ametisha bure: watano walimfungia Ndila mlango. Wa sita, mama mmoja wa Gatitu aitwaye Wangechi, alimpa chumba kisicho na vioo dirishani. Ndila alizifuma upya sweta za shule kwa sindano mbili, vidole vikivimba kwa baridi, hadi Machi. Kwa kuchelewa huko, shule nyingine hazikumpa kazi tena.

Miaka miwili baadaye Kioko alimletea mashine iliyotumika. Kabla ya kuifungua, Ndila alikwenda mjini katika ofisi ya bima. Karani alimsukumia fomu.

"Lakini nyumba si yako," alisema.

"Najua," Ndila alijibu, akavuta kiti. "Niandikie vilivyo vyangu."