Mama wa Kuazima

Mwanangu Fabrice ni msimamizi wa kituo cha mafuta hapa Nyakanazi. Ukimsikia anavyolitamka hilo neno, msimamizi, utadhani anasimamia mkoa. Anachosimamia ni watu wawili wenye ovaroli wanaoshika bomba, na choo cha abiria. Lakini amenunua viatu vyenye ncha, kalamu anaichomeka mfukoni hata Jumapili, na nikifungua mdomo mbele ya watu ananisahihisha. "Mama, ni lori, si roli." Sawa, mwalimu. Malori hayo ndiyo yaliyokulisha. Nimewapikia madereva wali na maharage tangu huyu msahihishaji hajui kuvaa suruali, na sijaona dereva aliyerudisha sahani kwa sababu ya matamshi yangu.

Mimi naitwa Nimpaye. Kwetu ni Muyinga, Burundi. Nilivukia upande wa Kabanga na huyo Fabrice mgongoni, mwaka ambao kwetu watu walikuwa wanachinjana, na baba yake mpaka leo sijui kalala wapi. Tulikaa kambini Ngara. Kambi ilipofungwa wenzangu wakarudi, mimi nikaja Biharamulo kulima mashamba ya watu, halafu nikasogea Nyakanazi nikafungua kibanda cha chakula. Sisimulii ili nihurumiwe. Huruma ya watu wa hapa naijua, wanakupa muhogo huku wanakuuliza utaondoka lini. Mpaka leo wananiita mkimbizi. Na goti langu hili, mimi sikimbii hata mvua.

Sasa Fabrice akapata mchumba. Binti anaitwa Agness, ana adabu, simsemi vibaya. Tatizo lilikuwa baba yake, Mzee Privatus, Msubi, mwenyeji wa hapa, mwenye shamba kubwa la migomba kule ndani Biharamulo, na mwenye mdomo mkubwa kuliko shamba. Mzee huyo alishasema, tena msibani mbele ya watu, kwamba binti yake hataolewa na mtoto wa mkimbizi yeye akiwa hai. Na Fabrice alivyo shujaa, akawaambia wale watu kwamba yeye ni Mhangaza wa Bugarama, upande huu wa mpaka, kabila na ukoo wote kaupanga mwenyewe.

Alikuja kwangu jioni wateja wameshapungua, akaifuta benchi kwa kitambaa, ndipo akakaa.

"Mama, usikasirike," akasema.

Nikajua ni upuuzi unakuja.

"Siku ya kwenda kujitambulisha, Mama Adventina ndiye atakayekaa kama mzazi."

Adventina ni jirani yetu, anauza vitenge. Ni Mhangaza kweli, ana Kiswahili cha redioni, na ni mlokole wa kukemea pepo mpaka sisi wa nyuma ya ukuta tunaamka. Kulea hajui. Wanawe wamelelewa na dada yake.

"Na mimi nitakuwa nani?" nikamuuliza.

"Wewe utakuja kama mpishi. Mzee hataki bia za chupa, anataka pombe ya ndizi, na hapa hakuna anayeijua kama wewe."

Tazama akili ya mtoto niliyemsomesha. Mama hafai, ila pombe ya mama inafaa. Niliumia, nisidanganye. Niliumia mpaka nikashindwa kufunika masufuria. Ningeweza kumfukuza pale pale na kalamu yake. Lakini nilikuwa na tumaini moja la kijinga: kwamba tukishafika, akiniona nimekaa huko nyuma na madumu, atashindwa. Atasimama aseme, samahani wazee, mama yangu ni yule pale. Hilo tu ndilo nililolitaka kwake. Kwa hilo nilikubali.

Nikavundika ndizi shimoni, zikaiva vizuri. Nikazikamua na nyasi kwa mikono yangu, nikachanganya mtama wa kukaanga, nikaifunika pombe kwa majani ya migomba nikailinda kama mgonjwa. Adventina alipita siku ile akaziba pua kwa kanga. "Harufu ya dhambi," akasema. Nikamwambia apite upesi basi isije ikamshika.

Siku ilipofika walikodi gari. Mbele kakaa Elick, mshenga, mtu wa maneno mengi ambaye mdomo wake ndio kazi yake. Katikati Fabrice na Adventina aliyejifunga kitenge kipya na kilemba cha kuzuia njia. Mimi nilikaa nyuma na madumu, kwa sababu pombe changa inafura barabarani na lazima mtu aifungulie pumzi. Njia nzima Fabrice alikuwa anamfundisha Adventina jina la shule aliyosoma yeye. Loo. Mama mzazi anafundishwa mwanawe kasoma wapi.

Kwa Mzee Privatus tulipokewa vizuri. Wao wakaingizwa sebuleni, mimi nikaonyeshwa kigoda barazani, karibu na dirisha, madumu yangu pembeni. Nilikuwa naona kila kitu na kusikia kila kitu. Nikamwona Agness anaingia na kitambaa kichwani, anapiga magoti mbele ya Adventina.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akajibu yule mwanamke, sauti tamu, akamshika na kichwa.

Ile salamu ilikuwa yangu. Nilimtazama Fabrice kupitia dirishani, na yeye alikuwa anatabasamu kama mtu aliyepita mtihani wa kuibia.

Elick akasimama, akasifia ukoo ambao haupo. Mke wa mzee, Mama Deodata, akasema pombe inanukia mpaka ndani, nani kaipika? Sasa Adventina, kwa ile tamaa yake ya kusifiwa, akashindwa kunyamaza.

"Nimeipika mimi kwa mikono yangu," akasema.

Kila mtu wa pande hizi, awe Msubi, Mhangaza au Mrundi, anajua kinachofuata. Pombe ikiletwa ukweni, aliyeileta anaionja kwanza mbele ya wenyeji, wajue haina kitu ndani. Hata mtoto anajua. Wasomi wangu watatu mle ndani, kwa kushughulika na uongo mkubwa, walilisahau hilo. Mzee Privatus akajaza kibuyu, akachomeka mrija, akamsogezea Adventina.

"Haya, mama mkwe. Tufungulie."

Adventina akakitazama kibuyu kama kaonyeshwa nyoka. "Mzee, mimi nimeokoka. Situmii."

"Umeokoka, lakini unapika?"

Elick akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa na faida. Nilicheka peke yangu pale barazani, nikajifunika mdomo kwa kanga. Basi Elick akakumbuka kwamba nipo.

"Kuna mama msaidizi hapo nje, mzee. Kwa kweli ndiye aliyeshughulika zaidi na mapishi. Aitwe aonje."

Nikaitwa. Nikaingia, nikapiga goti langu bovu, nikamwamkia mzee, akaitikia bila kunitazama. Nikashika mrija, nikavuta. Ilikuwa nzuri. Nasema bila aibu, ilikuwa nzuri kuliko watu wote waliokuwa mle ndani. Mzee akapokea, akavuta, akafumba macho, akavuta tena.

"Hii si pombe ya Bugarama," akasema. "Huu ni mkono wa ng'ambo. Wewe mama, kwenu wapi?"

"Muyinga, mzee."

Jasho lilimtoka Fabrice pale pale, nikaliona juu ya mdomo. Mzee akacheka.

"Nilijua. Hawa wakimbizi tuwaseme yote, lakini kwa pombe hawajambo." Akavuta tena, moyo wake ukawa mwepesi, akataka mazungumzo. "Umekaa huku miaka mingi?"

"Nimezeekea huku, mzee."

"Una watoto?"

Nilimgeukia Fabrice. Nilimtazama waziwazi, sikujificha, mtu yeyote mwenye macho angeona namtazama nani. Nilimpa nafasi yote. Hata kama angesema kwa sauti ndogo, hata kama angeanza kulia, ningebeba mimi mengine. Ningemwomba radhi mzee, ningepiga magoti yote mawili, ningejitukana mwenyewe mbele ya ukoo mzima ili apewe mke wake. Nilikuwa tayari kabisa. Yeye akatoa simu mfukoni, akaitazama, na simu yenyewe ilikuwa imezimwa.

Halafu akasema, bila kuinua uso, "Mzee, huyu mama tusimcheleweshe. Ana kazi huko nje."

Huyu mama. Basi.

Nimedharauliwa na watu wengi katika nchi hii. Makarani wamenidharau, wenye mashamba wamenidharau, wanawake wa sokoni wamenipimia dagaa kwa kopo lililobonyea. Wote hao niliwadharau vilevile, tukawa sawa, nikaenda kulala. Huyu sikuwa nimewahi kumdharau hata siku moja. Nilimcheka viatu, nilimcheka kalamu, lakini ule ulikuwa utani wa mama. Pale nilipopiga goti, mbele ya kibuyu changu mwenyewe, ndipo nilipomdharau kwa mara ya kwanza, na nikashangaa jinsi kunavyouma kumdharau mtu unayempenda.

Mzee alikuwa bado ananisubiri. "Mama, nimeuliza una watoto?"

"Sikujaliwa, mzee," nikasema.

Nikamsikia Fabrice anashusha pumzi.

Mzee Privatus, yule yule mwenye mdomo mkubwa, akakiweka kibuyu chini. Akavua kofia. Sikuitegemea huruma kutoka kwake na wala sikuitaka, lakini alinionea huruma ya kweli, uso mzima ukamlegea.

"Pole sana, mama," akasema. "Ugenini, tena peke yako. Basi Mungu akupe hata mtoto wa mtu mwingine, awe wa kukuzika."

Wote sebuleni wakaitikia amina. Adventina aliitikia kwa nguvu, ile ya kanisani. Elick naye. Agness aliitikia polepole, huku ananitazama mimi.

Na Fabrice akasema amina.